Aliyekuja Kutazama Tu

Jumapili saa nne, ukungu bado umeulalia Menengai
kama maziwa yaliyosahauliwa sufuriani.
Nachochea jiko. Chupa tatu za chai,
mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Wageni hushuka magarini, hujinyoosha,
hupiga picha, huuliza choo kiko wapi,
huenda.

Yeye alipanda kwa miguu kutoka mjini.
Mfupi, kifua kama mlango, koti la kampuni ya mabomba,
wale wanaochimba mvuke kule chini shimoni.
Akasimama ukingoni mikono mitupu,
hakutoa simu.
Nikahudumia wateja saba, bado amesimama.

"Kwetu," akasema, kwa Kiswahili cha miezi minane
chenye changarawe, "mlima unakwenda juu.
Huu wenu umekwenda chini."
Nikamjibu: ulikasirika, ukajimeza.
Akacheka, akanunua yai. Jina lake Phurba.

Nikangoja anisimulie theluji,
vilele vinavyong'aa kwenye kalenda za benki.
"Njia ile nimeipanda mara arobaini na moja," akasema,
"kila mara na mzigo: hema, meza, viti vya kukunja,
kuku hai, kreti za bia,
na siku moja mama mnene aliyeteguka kifundo.
Mzigo mgongoni, ukanda hapa,"
akagusa paji la uso.
"Ukibeba hivi, shingo haigeuki.
Wageni husimama, husema, aa, tazama!
Mimi naona visigino.
Usiniulize vilele vinafananaje.
Niulize viatu. Viatu navijua, vya nchi kumi na nne."

Akavua kofia ajikune, nikaliona bonde:
mfereji laini, sikio hadi sikio.
Kijiko kikaniponyoka.

Maana bonde lile nalijua.
Nimelipaka mafuta kwa kidole changu cha utoto
kichwani mwa nyanya yangu Gathoni,
aliyebeba kuni kutoka msitu wa Bahati
miaka thelathini, kwa mkanda wa ngozi,
amejikunja kama kisu cha mfukoni.
Aliishi chini ya mlima huu, akazikwa chini yake.
Nilimuuliza siku moja, nyanya, kule ndani kuna nini?
Akasema: Sijui.
Mimi naujua kwa vidole vya miguu.

Jumapili iliyofuata nilimletea ule mkanda.
Ulikuwa ukining'inia jikoni, mweusi kwa moshi.
Aliunusa, akauvuta, akapima urefu kwa mkono,
na fundo likamjia vidoleni bila kutafutwa.
"Namlo," akasema.
"Mukwa," nikasema.
Tukabadilishana, kila mmoja akilivunja la mwenzake.

Kisha, mbele ya vijana wa bodaboda,
akaifunga jerikeni yangu ya lita ishirini,
akauvisha mkanda kichwani, akaanza kupanda.
Vijana wakaangua kicheko: mwanamume na mukwa!
Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka;
kwetu mwanamume akibeba hivyo watu huuliza
mkewe amefia wapi.
Hakugeuka. Ningedhani ni kiburi,
lakini alikwisha kunieleza habari ya shingo.

Alipotua maji nikamfungua ule mkanda mwenyewe.
Nikamwambia, nenda ukingoni, chai itakungoja.
Akaenda. Akasimama vilevile, mikono mitupu,
akitazama kama mtu anayelipwa deni kidogo kidogo.

Mimi huketi nimelipa shimo kisogo.
Wateja hutoka barabarani, upepo hutoka bondeni,
na jiko lina upande wake.
Miaka sita.

Siku ile niligeuza kigoda.
Moshi ukanijaa machoni, nikatazama nikilia,
sikuona vizuri: kijani, kisha weusi wa mawe ya kale,
mvuke ukipanda mahali, wima, kama mtu aliyeinua kichwa.
Niliuza mayai manne tu.